Tairi la Nyuma na Heshima ya Mama Mkwe

Kwa Shemeji Fundi,
Karakana ya nyuma ya soko.

YAH: TAIRI ULILONIFUNGIA, NA MAMA YAKO MZAZI

Salamu nyingi, shemeji. Dada yako hajambo, watoto hawajambo, mgonjwa ni pikipiki. Nakuandikia kwa sababu nikija kwa mdomo tutagombana, na mimi ni karani wa mahakama: ugomvi nauheshimu ukiwa na nakala mbili.

Jumapili iliyopita nilikuletea pikipiki ubadilishe tairi la nyuma lililokwisha. Saizi yangu hukuwa nayo. Ukanifungia kubwa zaidi, ukapigapiga kiti na kuniahidi kwamba litaninyanyua. Kweli limeninyanyua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyuma imepanda vidole vitatu, mbele imebaki palepale. Pikipiki imeinama kama mbuzi anayekunywa maji, na usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Nikitupia duka jicho tu, tumeshaingia dukani.

2. Miguu yangu, ambayo haikuwa mirefu hata siku ya harusi, haifiki chini. Kwenye makutano sisimami tena, nazunguka mpaka njia ifunguke. Askari wa barabarani sasa ananisalimia kila mzunguko.

3. Stendi ya pembeni imekuwa fupi. Nikiegesha, pikipiki inalala kabisa. Juzi imelala juu ya gari la hakimu, na kesi hiyo nimeifungulia jalada mwenyewe.

4. Tukipita shimoni shokapu zinabonyea, tairi linasaga madigadi. Ulinishauri nikaze springi. Nimekaza. Nyuma imepanda kidole cha nne.

5. Hili ndilo lililonitoa machozi. Mama yako nampeleka hospitalini siku tatu kwa wiki, kwa mazoezi ya goti. Miaka kumi na moja tumesafiri kwa adabu: mimi mbele, yeye nyuma, kapu katikati. Sasa kiti ni mteremko. Nikigusa breki, kapu linakuja, na mkwe wangu yuko nyuma yake. Jumatatu alifika mgongoni. Jumatano kidevu chake kilikuwa begani mwangu. Ijumaa kapu lilikuwa juu ya tangi, na mtaa mzima ukatuona. Ukwe una mipaka, shemeji, na mpaka wetu ulikuwa lile kapu. Nimebaki na heshima gani?

Kwa hiyo naomba unirudishie tairi la saizi yangu wiki hii. Ukishindwa, nitaiandikia halmashauri ichimbe barabara upya, ili niwe napanda mlima kwenda na napanda mlima kurudi. Halmashauri nayo ikishindwa, mama yako umbebe mwenyewe mgongoni, maana wewe umemzoea tangu utotoni.

Msalimie mkeo, wanao, jirani yako mchomelea vyuma, na wote waliocheka nilipoondoka hapo.

Ni mimi shemeji yako, kwa masikitiko na kwa muhuri,
Karani.

Baada ya sahihi: Hayo niliyaandika Jumamosi. Leo Jumatatu, tukitoka hospitalini, mama yako ameniuliza sikioni kwa nini simpendi. Kumbe miaka yote hii amekuwa akinisemesha kila safari, na upepo ukiyachukua maneno yote. Alidhani nina kiburi. Nimemwomba radhi njia nzima, na tulipofika mlangoni ameniita mwanangu. Tairi liache hapohapo. Ukipata dogo, nifungie mbele, kiti kizidi kuteremka.