Ukuta wa Bi Zulma

Jumatatu, 8 Julai
Nahama Alhamisi. Nimesogeza kabati, nikakuta ukuta mweusi tii kwa unyevu. Si kwamba sikujua. Bomba lililo ndani yake lilianza kuvuja tangu kiangazi, nikanyamaza. Ningemwambia Bi Zulma, mwenye nyumba, angesema nimelivunja mimi, na amana niliyoweka nilipoingia ingeyeyuka. Bila amana hiyo sipati chumba kipya. Nimenunua rangi nyeupe. Hanipati!

Jumanne, 9 Julai
Nimepaka. Doa likarudi. Nikapaka tena, nene zaidi. Jirani Ariel akachungulia, akauliza kwa nini napaka ukuta mmoja tu. Amejuaje kuna kuta nyingine? Asubuhi nilimwona akimsalimu Bi Zulma, tena kwa kirefu. Huyu ni mpelelezi.

Alhamisi, 11 Julai
Bi Zulma kaja kukagua, na tabasamu lake lile. Silipendi. Nikamkalisha aupe ukuta mgongo, nikamtilia yerba, majani yetu ya chai chungu, kwenye kibuyu. Anywe kimoja, ashukuru, aondoke. Maana hapa Montevideo asiyesema asante hajatosheka, lazima umjazie.

Hakusema! Alifyonza mrija, akarudisha kibuyu, akasimulia magoti yake, kisha harusi ya mpwa wake. Nikajaza. Nikajaza tena. Madirisha yamefungwa kwa baridi, birika linafoka, chumba kizima mvuke. Nyuma yake rangi ikavimba, ikabanduka, doa likajitokeza lote. Kipande kikamwangukia begani.

Akageuka, akautazama ukuta.

"Wilmar, mwanangu, bomba hili ni la jengo. Ungeniambia siku ile ile, fundi ningemlipa mimi. Umenyamaza mpaka ukuta umeoza, basi ukuta ni wako."

Amana yote imekwenda. Nilitaka kulia. Ndipo akanirudishia kibuyu na kusema asante.

Jumamosi, 13 Julai
Nalala sebuleni kwa dada yangu Mirta. Kanikaribisha vizuri mno, jambo linalonitia wasiwasi. Mchana komeo la dirisha lake limebaki mkononi mwangu. Jioni, wakati wa kula, akaniambia kitu chochote kikiharibika nimwambie tu, mumewe ni fundi, atatengeneza bure.

Bure! Mtego mtupu. Nimelibandika komeo kwa dawa ya meno, nikavuta pazia.