Malalamiko Kuhusu Mtihani Unaomkataza Fahmo Kusalimia Watu

Kwa Mkubwa wa Mtihani wa Sheria na Maadili ya Wanasaikolojia,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkubwa,

Assalaam aleikum. Kama wewe ni Mkristo, habari yako na ya nyumbani. Natumaini mama yako ni mzima, watoto wanakula, na kama una mifugo imepata mvua. Sisi hapa Isiolo hatujambo. Abdiwali, baba ya watoto, anakusalimia kutoka barabarani. Lori limeharibika lakini yeye ni mzima. Mama mkwe wangu anakusalimia na anauliza wewe ni wa ukoo gani. Hashi, kitinda mimba wangu, anakusalimia akiwa na chakula mdomoni. Naimo, jirani ninayeuza naye maziwa ya ngamia sokoni, amesema nisikufiche kitu. Binti yangu Fahmo hakusalimii, kwa sababu hajui ninaandika, na pia siku hizi hasalimii watu. Hapo ndipo shida yangu inaanza.

Fahmo anasomea kuwa daktari wa mawazo. Anajifunza kazi katika ofisi moja hapa mjini, na mwezi ujao anafanya mtihani wako. Akipita, kuna kazi inamngoja Eldoret. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini jioni nikifukiza mitungi ya maziwa kwa moshi, yeye hunisomea maswali na mimi najibu kwanza. Kila nikijibu, kitabu kinasema nimekosa. Mheshimiwa, mimi nimepatanisha nusu ya mtaa huu. Nimefikiria sana nikaona mwenye kosa ni kitabu.

1. Salamu. Ati daktari akikutana na mgonjwa wake njiani asimsalimie kwanza, ili watu wasijue. Labda Nairobi itafaa. Hapa Fahmo alikuwa anapita sokoni, salaam, salaam, salaam, halafu kimya mbele ya mtu mmoja, halafu salaam tena. Naimo ananigusa kiwiko: haa, kumbe hata huyu! Fahmo alipogundua tunamfuatilia akaacha kusalimia watu wote. Sasa mji mzima unaonekana una wazimu, na mimi naulizwa nilimlea vipi.

2. Zawadi. Mzee mmoja, jina lake nitaficha, wa Kipsing, mwenye ngamia wengi na jicho moja, alimletea mtungi wa maziwa kumshukuru. Fahmo akaurudisha. Umejaa! Sisi chombo cha mtu tunakirudisha na kitu kidogo ndani, hata sukari, lakini kikirudi na maziwa yake mwenyewe watu wanauliza ni harusi gani imevunjika. Mama mkwe alilia. Naomba sheria iseme kwamba maziwa si zawadi.

3. Jamaa. Asitibu ndugu, rafiki, wala mtu anayefanya naye biashara. Sasa amebaki nani? Mama mkwe alianza kuhesabu ukoo kutoka Burat, akafika Leparua, hajapata mgeni. Tukampata askari mmoja wa kambini, Naimo akakumbuka kila asubuhi ananunua maziwa kwetu. Kwa hivyo naomba serikali ituletee wageni wenye shida na wasio na jamaa, basi moja kila mwezi. Chakula tutawapikia.

4. Siri. Hii ndiyo imenimaliza. Fahmo anarudi jioni na uso wa mtu aliyesikia mambo makubwa. Nikiuliza, ati mama, siwezi. Mimi niliyembeba mgongoni! Kitabu chenyewe kinasema siri inaweza kutolewa kama kuna mtu yuko hatarini. Nikamwambia, basi toa, mimi niko hatarini, silali. Akacheka. Naomba uongeze maneno mawili tu mwisho wa hiyo sheria: isipokuwa mama. Na umtaje Naimo pia, maana mimi nitamwambia tu.

Kama haya ni magumu, ahirisha mtihani mpaka yawezekane. Hata miaka. Kitanda cha Fahmo kipo, na mimi sijachoka kujibu maswali.

Nisalimie wote hapo ofisini, anayepiga muhuri, anayesahihisha, na mlinzi wa lango.

Ni mimi mwenye uchungu na heshima,
Sahra, mama Fahmo.

Nyongeza. Mheshimiwa, kabla sijafunga bahasha mambo yamegeuka. Nilienda kwa Peris, rafiki ya Fahmo, aliyepita mtihani wako mwaka jana. Nilijifanya nampelekea maziwa. Akayakataa. Akasema mimi ni mama ya rafiki yake, atanitafutia mwenzake anisikilize, lakini machozi yalikuwa yameshatoka. Nikamwambia kitu ambacho hata Naimo hajui: Fahmo akijibu vizuri mimi naingiza uso kwenye moshi, kwa sababu akipita ataenda, na nitabaki nikiuliza mitungi maswali.

Jioni Peris akaja kwetu kusoma na Fahmo. Nilimwaga chai kwa hofu kwamba atasema. Yeye akanywa yake, akauliza swali linalofuata, hakusema neno.

Basi futa namba nne. Siri usiiguse. Hakuna cha isipokuwa mama. Na kama Fahmo anaweza kunyamaza vile, mpe alama zake zote, aende. Nitazoea.

Lakini namba moja irekebishe upesi, kwa sababu leo Peris amepita sokoni akasalimia kila mtu, mimi akaniruka, na Naimo bado ananiangalia. Nijibu haraka. Barua isipitie kwa Fahmo.