Satini Nyekundu Kwenye Kona

Leo nimejidhalilisha, tena nyumbani kwangu mwenyewe, peku, mbele ya mtaa mzima. Kosa ni langu na simsingizii mtu. Nilikata tawi bichi la mwarobaini, nikalifunga kitambaa chekundu, nikalichomeka kwenye kona ya uchochoro wetu, kisha nikaingia ndani kulala. Walioelewa wameshaelewa. Wacheke polepole, maana mama yangu ana presha na sasa hivi amelala chumba cha pili.

Kwa wasionijua, mimi ni Masele, fundi cherehani wa hapa Nyasubi, Kahama. Nashonea sebuleni. Naishi na mama. Sitoki. (Nina wateja wa miaka ambao hawajawahi kuniona nimesimama.) Mtaa unajua nipo hai kwa mlio wa cherehani yangu ya kukanyaga. Ukisimama kidogo, wanajua nakula. Hilo mlikumbuke, litakuja kuniponza.

Mbele ya uchochoro wetu kuna duka la Baba Kulwa. Yeye na mimi ni wa timu moja ya Uingereza, wale wekundu, lakini msimu mzima hatujaelewana jambo moja. Kipi bora: timu imalize ligi nafasi za juu ili mwakani icheze Ulaya, ile Ligi ya Mabingwa yenyewe, au ibebe kombe la nyumbani kwao?

"Fundi, kombe ni punje umeiokota juu ya ardhi," huwa ananiambia. Ujanani alichimba dhahabu Geita, kwa hiyo kila kitu kwake ni shimo. "Unaiosha, unafurahi siku moja, imeisha. Ulaya ndiyo mwamba wenyewe. Ukishaufikia, wachezaji wakubwa wanakufuata."

"Huo mwamba si tumeshaufikia? Kila tukiingia tunatoka na vumbi. Kabati tupu, Baba Kulwa. Kulwa akikuuliza timu yako imeshinda nini, utamwonyesha msimamo wa ligi?"

"Nitamwonyesha ratiba ya Jumatano."

Mama yangu hajui hata kuotea ni nini, lakini mechi zote huwa tunaangalia pamoja, na penalti zikifika anajifunika kanga usoni. Siku moja alitusikiliza hadi akachoka. "Nyie mnagombana juu ya watu ambao hawajui kama mpo," akasema, akaenda kuchambua maharage.

Wiki iliyopita Ulaya ikatuponyoka. Jana jioni tukabeba kombe, kwa penalti. Mama alitoa machozi kidogo. (Na mimi kidogo. Kulikuwa na vumbi.) Nikatoka hadi kwenye kona kumpungia Baba Kulwa, nikamkuta anafunga duka. Hakunipungia. Alisema tu, "Hongera kwa sufuria," akaingia kwake.

Iliniuma. Misimu yote hii tunateseka pamoja, kombe linakuja, mtu hakupi hata mkono.

Leo asubuhi mama akapanda basi kwenda Isaka kumjulia hali dada yake anayeumwa mguu, arudi leo leo. Umeme wa luku nyumbani kwetu ulikuwa umeisha tangu jana usiku, simu yangu ikazimika. Nikaona hii ndiyo siku ya kumjibu Baba Kulwa. Nilikuwa na satini nyekundu iliyobaki kwenye magauni ya kwaya. Mlingoti sina, nikakata tawi la mwarobaini. Majani nikayaacha. (Uvivu.) Nikalichomeka pale kwenye kona likitazama duka lake, ili akifungua tu, jicho la kwanza likutane na kombe. Sikujua kwamba alishaondoka alfajiri kwenda Maganzo kwa shemeji yake. Mtu pekee mjini ambaye angeuelewa utani wangu hakuwepo mjini.

Nikarudi ndani, nikameza dawa ya mafua, nikashusha pazia, nikalala. Cherehani kimya.

Kilichoniamsha ni ukimya.

Nyasubi mchana haina ukimya. Kuna mashine ya kusaga, kuna saluni na muziki wake, kuna watoto wanaogombania mpira wa makaratasi. Leo hakuna hata kimoja. Nilisikia ufagio tu. Mtu alikuwa anafagia uwanja wangu taratibu sana, kama anaogopa kumshtua mtu aliyelala. Kisha ufagio nao ukanyamaza. Moshi ukapenya kwenye pazia.

Nikalisogeza kidogo. Nikaona miguu. Miguu mingi, imetulia, haitikisiki. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga zimefungwa viunoni, hakuna anayeongea. Viti vya plastiki vya kanisani vimepangwa hadi kwenye bustani yangu ya mchicha. Katikati ya uwanja, jua likiwaka, kumewashwa moto wa magogo na wanaume wameuzunguka kana kwamba wana baridi. Kamba yangu ya nguo ilikuwa tupu. Nguo zilikuwa zimeanuliwa na kukunjwa vizuri juu ya jiwe, na juu kabisa ilikuwa bukta yangu yenye tundu.

Mwanaume hakunjiwi bukta na jirani hivi hivi.

Lakini si hiyo iliyonitisha. Kilichonitisha ni kwamba hakuna aliyebisha hodi. Watu wote wale, na kila aliyeinua macho aliuangalia mlango wangu, kisha akayashusha.

Chini ya dirisha langu walikaa wawili, wananong'ona.

"Angalau marehemu kombe ameliona."

"Kombe ameliona. Ulaya ndiyo hataiona."

"Hata wewe hutaiona."

"Mimi nina mwakani."

Kisha yule wa kwanza akasema, kwa sauti ya mtu anayepima jambo zito, "Mimi nikiambiwa nichague kimoja halafu nife, nachagua kombe. Ulaya utakufa bado unaisubiri."

Marehemu. Nikashika ukuta. Ndani ya nyumba hii kombe lilionwa na watu wawili tu, na mmoja ni mimi. Nikajipapasa. (Sioni haya, na nyie mngejipapasa.) Mwili una joto. Nikasogea kwenye kioo wanachojitazamia wateja. Nilikuwemo, ingawa sura haikunipa uhakika wa kutosha.

Nikafungua mlango.

Aliyekuwa karibu kabisa ni Bibi Mbula, mzee kuliko wote mtaani kwetu. Hakunitazama usoni. Alinitazama miguuni kwanza, kama anayehakikisha kuwa inagusa chini. Nyuma yake mwanamke mmoja akaangusha beseni la unga. Mwingine akasema "Yesu" taratibu, kama anamwita mtu aliyeko karibu. Na katikati ya hao, wengine wakaniinamishia vichwa tu: "Pole, fundi. Jikaze."

(Baadaye ndiyo nilielewa. Mtaa ulikuwa umegawanyika. Nusu walikuja kunizika mimi, nusu walikuja kumzika mama. Kwetu ukifika msibani huulizi nani kafa, ni aibu. Unafika, unakaa, utaambiwa. Leo kila mtu alikaa akisubiri kuambiwa na mwenzake.)

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia marahaba. Alinishika mkono, akaubinya mara mbili, akashusha pumzi ndefu.

"Basi ni mama yako," akasema.

Picha yote ikajipanga kichwani. Basi la Isaka. Presha. Simu yangu imezimika, wamempata kila mtu isipokuwa mimi, na wote hawa wamekaa kimya kwa sababu hakuna anayejua pa kuanzia kuniambia. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nina ndevu mimi. Nina cheti cha kidato cha nne. Na neno nililolitoa mbele ya mtaa mzima, ambalo tangu saa ile watoto wanalirudia kila wakipita hapa mlangoni, ni hili:

"Mayu, nani atanipashia maji ya kuoga!"

Mtaa ukalia na mimi. Wale waliokuwa na mashaka wakaondokewa na mashaka. Mwenye nyumba amelia, amemtaja mama kwa Kisukuma, sasa msiba una mwenyewe. Bibi Mbula akaanzisha kilio, wanawake wakapokea, wanaume wakavua kofia. Mtu akanimwagia vumbi kichwani kwa kunihurumia, au nilijimwagia mwenyewe, sikumbuki.

Kisha kilio kikasikika kutoka upande wa barabarani.

Si cha uwanjani. Kilikuwa cha mtu mmoja, kinakuja kwa kukatikakatika, na kilikuwa kinaniita. "Masele mwanangu. Masele, mbona umeniacha."

Niliijua ile sauti. Kila mtu pale aliijua. Ni sauti ambayo imeamsha uchochoro wetu kila asubuhi tangu nizaliwe.

Uwanja ukanyamaza kabisa, magogo tu ndiyo yalikuwa yanalia kwenye moto. Watu waliokuwa wamekaa upande wa njia wakaanza kusogea, polepole, bila kugeuza mgongo, hadi katikati pakabaki uwazi. Mzee mmoja akaanguka na kiti chake na hakuinuka; alibaki pale pale chini ametulia. Watatu wakapita juu ya mchicha wangu na hadi sasa sijui walipo.

Mama yangu, marehemu, akatokea kwenye uchochoro. Kanga kiunoni, mkoba wa Isaka begani, viazi vinadondoka kimoja kimoja nyuma yake. Akaniona nimepiga magoti, nimepakaa vumbi kichwani hadi mabegani. Akasimama.

Hakuna aliyemsogelea mwenzake.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Masele wangu amekufa. Watu wamejaa kwake."

"Mama, aliyekufa ni wewe."

Akanitazama. Akawatazama watu. Akaweka mkono kifuani, na hapo ucheshi wote wa hadithi hii uliisha kwa muda, maana midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na alikaa chini bila kuangalia anapokaa. Nikamkimbilia. Niliuogopa ule mkono wake ulivyokuwa wa baridi kuliko nilivyoogopa kitu chochote leo. Mtu akaleta maji, mtu akampepea na mfuniko wa sufuria. Nikamwomba apumue. Akapumua. Nikamwomba tena. Akapumua tena. Kisha akanishika sikio, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, akalivuta hadi nikasema "aah."

"Una jasho," akasema. "Maiti haitoki jasho."

Rangi ikaanza kumrudia. Akaugeukia uwanja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mtu akauliza swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza.

"Nani kafa?"

Watu wakatazamana. Bibi Mbula akamtazama Mama Kulwa. Mama Kulwa akatazama kule kwenye kona. "Mimi niliona alama," akasema. "Nikazima redio ya dukani, nikaja. Na cherehani haikulia."

Sote tukatazama kwenye kona. Tawi bichi. Kitambaa chekundu. Nimezaliwa mtaa huu. Nimekata matawi ya namna ile kwa misiba ya watu wengi, nikayachomeka mwenyewe ili magari yapunguze mwendo na watu wazime muziki. Asubuhi yote akili yangu ilikuwa Uingereza.

Kama hiyo haikutosha, pale kwenye kona alikuwa amesimama Baba Kulwa. Alipigiwa simu akiwa Maganzo kwamba fundi hatunaye, akarudi na gari la kwanza alilolipata, akapita kwake kubadili nguo. Alikuwa amevaa jezi ya timu yetu, ile aliyoapa mbele yangu kwamba hataivaa hadi turudi Ulaya. Macho yake yalikuwa mekundu kama satini. Aliniangalia kwa muda mrefu. Akaliangalia tawi. Akaiangalia satini, akaipapasa kwa vidole viwili.

"Fundi. Hii ni ya msiba au ya kombe?"

Uwanja wote ulinigeukia. Mama bado ameshika sikio langu.

"Ya kombe," nikasema.

Sitaeleza ukimya uliofuata. Niseme tu kwamba ule wa kwanza, wa miguu na ufagio, ulikuwa na nafuu.

Ugali ulikuwa umeshaiva, kwa hiyo watu walikula. Wangefanyaje? Mama alikula tonge tatu na mchicha ule uliokanyagwa, akasema chumvi haitoshi, nikajua amepona. Wale wawili wa chini ya dirisha walirudi kwenye mjadala wao, sasa kwa sauti ya kawaida, na yule wa mwakani alisema tungeingia Ulaya haya yote yasingetokea. Saluni ikawasha muziki. Viti vikarudi kanisani. Bibi Mbula aliniaga kwa kunibinya mkono tena, eti kuhakikisha.

Baba Kulwa alibaki wa mwisho. Alinipa mkono, ule wa jana. Kisha akaenda kwenye kona, akaling'oa tawi, akaifungua satini, akaikunja vizuri kama walivyokunja bukta yangu, akaniletea hadi mlangoni. Nikasema ahsante. Nikamwomba asinicheke.

Hakucheka. Alisema:

"Fundi, siku ukifa kweli hatuji. Tutasema timu imechukua kombe."