Kona ya Wasioamua

"Wewe Hedda, hivi utaamua lini?"

Swali hilo liliulizwa na Arlo Fynaardt, jirani mwema, Jumatano asubuhi mkahawani, mdomo umejaa mayai. Aliyeulizwa ni mjane Hedda Roorda, mwanamke mrefu, mkavu, kiongozi wa wanawake wa kanisani wanaoshona mablanketi ya viraka. Ilikuwa Elgersburg, jimbo la Iowa, mwezi wa Januari, baridi ya kugandisha mate, na wagombea urais walikuwa wameshatuangukia kama nzige wa Misri. Tofauti ni moja tu, kwamba nzige hawapigi simu wakati wa chakula cha jioni.

"Bado naomba," Hedda akajibu. "Bwana hajanionyesha."

Kwenye meza ya pembeni alikaa mtu mmoja akikumbatia kikombe cha kahawa kwa ajili ya joto lake. Jina lake Royce Tillery, mzaliwa wa Louisiana, mdomo wa asali na viatu vya majira ya kiangazi. Mambo aliyoyaona pale hajawahi kuyaona tangu azaliwe. Kijana mwenye beji ya Gavana Colquitt aliruka kutoka kaunta akalipia kahawa ya yule mama. Binti mwenye beji ya Seneta Oakes akamsukumia kipande cha pai ya tufaha, na kilipokwama kwenye bakuli la sukari, akakisukuma tena. Wa tatu, mpiga debe wa mgombea ambaye hata mkewe alikuwa anaanza kumsahau, akaomba ruhusa ya kwenda kumwondolea theluji mlangoni.

Arlo, ambaye tangu Agosti alitangaza kuwa yeye ni mtu wa Oakes mpaka kaburini, alilipia mayai yake mwenyewe.

"Lo," Royce akajiambia moyoni. "Kumbe huku mtu aliyeamua ni takataka, na asiyeamua ni dhahabu."

Tumfahamu kidogo huyu bwana, maana si vizuri kumsema mtu bila kumtambulisha. Royce aliwahi kuuza maji ya mto Yordani yaliyotoka bombani kwa shemeji yake. Aliwahi kuuza bima ya mbwa kwa watu wenye paka. Lakini ujanja nao huzeeka, na wakati huo alikuwa akilala ndani ya gari lililokufa kabisa nyuma ya kituo cha mafuta, amevaa soksi kichwani. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: kiti kwenye basi la kampeni. Maana kura za hapa zikiisha, mabasi hayo hushuka kusini, South Carolina, kwenye jua, na walio ndani hulala hotelini, hupata mshahara na kuitwa kwa vyeo. Asipopata kiti hicho, Februari ingemkuta Elgersburg, na Februari ya Elgersburg haina mzaha na mtu wa Louisiana.

Nchi hii ina mamia ya mamilioni ya watu, lakini atakayeitawala huanza kuchujwa na sisi, watu wa mahindi na nguruwe, kwa sababu zamani mtu fulani alipanga tarehe na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Mwaka mzima wagombea wa chama kimoja, kama hawa Colquitt na Oakes, huitana waongo na vibaraka. Mchujo ukiisha hukumbatiana jukwaani na kusema walikuwa ndugu siku zote. Upande mwingine wa mji chama kile kingine nacho kilikuwa na wagombea wake, na matusi yake, na maandazi yake. Vyama vyote viwili vilikubaliana jambo moja tu, kwamba upande wa pili utaiangamiza nchi kabla ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu, aliyetajwa katika kila tangazo la televisheni, hakutoa tamko.

Basi Alhamisi Royce akateremka chini ya kanisa, kwenye chumba wanachoshonea wanawake. Tanuru la kupasha joto lilikuwa linakohoa kama mzee.

"Mama Roorda," alisema, kofia mkononi, "nimezunguka majimbo thelathini, sijaona mshono kama huu."

"Huo ni upande wa ndani," Hedda akasema bila kuinua macho. "Geuza."

Royce akageuza. "Na huu ndio umenimaliza kabisa."

Wanawake wakachekea vidoleni. Royce akavuta kiti, kiti kikalalamika, akaanza kumwaga sera.

"Mama zangu, kila mmoja wenu peke yake ni kikombe cha kahawa. Mkifungana pamoja, ninyi ni tanuru jipya. Niacheni niwe mdomo wenu. Niende kwa watu wa Gavana, niende kwa watu wa Seneta, niwaambie kuna kina mama hapa wenye mioyo iliyo wazi."

"Na wewe unapata nini?"

"Furaha ya kuhudumu, mama."

"Hiyo hulipwa kwa wiki au kwa mwezi?"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye mabomba. Royce naye akacheka, maana tapeli asiyejua kujicheka hafiki mbali.

"Sikia, mwanangu," Hedda akasema, akikata uzi kwa meno. "Sisi hatumwahidi mtu kura. Hiyo ni dhambi, tena ni upuuzi. Tunaahidi kusikiliza na kuomba. Hayo kawaambie."

"Hayo hayo, mama. Neno kwa neno."

Akatoka. Njiani maneno yale yakanenepa kidogo.

Ofisi ya Gavana Colquitt ilikuwa ndani ya duka la zamani la viatu. Mkuu wake hapa mjini alikuwa Brice Wadlow, kijana wa Boston mwenye simu tatu na usingizi wa nusu mtu.

"Nina wanawake wa kanisa," Royce akanong'ona, "wamefungana kama matofali. Wakienda kokote, wanaenda wote. Na wanaelekea kwa Gavana."

Brice akaweka chini simu zote tatu, jambo ambalo hakulifanya hata msibani. "Wamekwambia hivyo?"

"Wamenilia begani. Kinachowazuia ni tanuru. Mtu hawezi kumpenda Gavana huku anatetemeka."

"Na wewe, kaka, unataka nini?"

"Kiti kimoja kwenye basi, na cheo."

"Cheo gani?"

"Chochote chenye neno mkurugenzi."

Wakapeana mikono. Royce akavuka barabara mpaka ofisi ya Seneta Oakes, iliyokuwa zamani duka la kunyoa, akamkuta Delphine Sarkany, mwanamke wa New Jersey aliyetafuna kalamu mpaka wino ukamtia ndevu. Akamwuzia wanawake walewale. Safari hii kilichowazuia ni viti vibovu. Kiti cha basi alikipata, na cheo alikiongezea neno "mwandamizi".

Msimwone Royce mwendawazimu. Alikuwa amepiga hesabu zake. Kwao Louisiana mtu anaingia nyuma ya pazia, anapiga kura yake, anatoka, na aliyoyafanya humo anayajua yeye na Muumba wake. Ukiuza kura moja kwa watu wawili, nani atajua? Atakayeshinda, Royce angepanda basi lake akisema, "Mmeona kazi yangu?" Atakayeshindwa, angempungia mkono dirishani kwa huzuni.

Hakuna aliyemweleza mambo ya hapa yanavyokwenda. Kila mtu alidhani anajua, maana nani humfundisha mtu mzima kwamba theluji ni baridi?

Gavana alikuja Jumamosi, amevaa shati la mirabamiraba ambalo mikunjo ya dukani haijatoka bado. Akaomba sindano, akajaribu kutunga uzi mbele ya kamera mpaka kamera zikaona haya zikageukia ukuta.

"Mheshimiwa," Hedda akasema, "wodi yetu ya uzazi imefungwa. Binti zetu wanajifungulia barabarani, kwenye viti vya nyuma vya magari. Wewe utafanyaje?"

"Hilo ni swali zuri sana, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimeuliza."

Gavana akazungumzia bendera. Jumatatu tanuru jipya likaja.

Seneta naye akaja Jumanne. Akaulizwa swali lilelile, akasimulia habari za bibi yake aliyekuwa maskini lakini mchapakazi, akatokwa na machozi kutoka jicho lililoelekea kamera. Viti vipya vikaja kesho yake, vyenye mito. Wanawake wakakaa, wakapata joto, wakaendelea kushona na kuomba. Royce alipopita kuwaangalia aliona kazi yake ni njema sana, kama ilivyoandikwa.

Siku ya mchujo ikafika. Saa moja jioni watu wa mtaa walijaa kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, wakipiga viatu chini kutikisa theluji. Royce alikuja na begi lake limefungwa tayari. Nje mabasi mawili yalikuwa yananguruma. Brice alisimama ukutani upande huu, Delphine upande ule, na kila mmoja alipomtazama Royce, Royce alikonyeza.

Arlo Fynaardt ndiye alikuwa mwenyekiti wa mkutano. Akapanda juu ya benchi.

"Haya jamani, tuanze, supu zinapoa nyumbani. Watu wa Colquitt, chini ya goli la mpira wa kikapu. Watu wa Oakes, kwenye kamba za kupandia. Kila mtu kwenye kona yake, tuhesabu vichwa."

Royce akatupa macho huku na huku. Akamvuta Arlo suruali.

"Samahani mwenyekiti. Karatasi za kura ziko wapi? Na pazia?"

"Pazia la nini?" Arlo akashangaa. "Unataka kuoga?"

Ukumbi ukacheka. Royce hakucheka. Ndiyo kwanza anaelewa kwamba huku kwetu mtu hupigia kura kwa miguu yake, mbele ya jirani, mchungaji na daktari wake wa meno, na kwamba watu wale aliowauza mara mbili wangesimama mahali pamoja, peupe, chini ya taa.

Wanawake wa viraka wakainuka na vifuko vyao vya nyuzi. Brice akanyoosha shingo. Delphine akaacha kutafuna. Wanawake wakalipita goli. Wakazipita kamba. Wakaenda kwenye kona ya tatu, karibu na mlango wa jiko, ambako Arlo alikuwa amebandika kibao kimoja bila kuagizwa na mtu, kama anavyofanya kila mwaka wa uchaguzi: HATUJAAMUA.

"Royce," Brice akaja mbio, "mbona watu wangu wako kule?"

"Watu wako?" Delphine naye akafika. "Hao ni watu wangu. Nimewanunulia viti!"

"Mimi nimewanunulia tanuru!"

Wakatazamana. Wakamgeukia Royce polepole.

"Wanapasha joto miguu kwanza," Royce akasema, akakimbilia kona ya tatu.

"Mama Roorda, nakusihi. Nusu waende kule, nusu kule. Nusu tu!"

"Tumkate mtoto vipande viwili?" Hedda akauliza. "Habari za Suleimani hukufundishwa?"

"Lakini mlisema mtasikiliza!"

"Tumesikiliza mpaka masikio yanauma."

"Na mkasema mtaomba!"

"Tumeomba, na tumejibiwa."

"Mungu amesemaje?"

"Amesema tusubiri mpaka Machi."

Arlo akahesabu. Colquitt na Oakes walikuwa sawasawa, kichwa kwa kichwa, kama mapacha wanaochukiana. Kona ya wasioamua nayo ilikuwa na watu wa kutosha kupewa haki yake: mjumbe mmoja wa kwenda mkutano wa wilaya mwezi wa Machi, ambako sare hiyo ingevunjwa.

"Mjumbe wenu ni nani?" Arlo akauliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Hedda!" wakaitikia wanawake, na hakuna aliyeinua macho kwenye mshono.

Ndipo Royce alipoona kwa mara ya pili mambo ambayo hajawahi kuyaona. Wale wakuu wawili waliokuwa wanataka kumrarua walimsahau palepale, wakampita kama nguzo, wakakimbilia kwa mjane.

"Mama Roorda," Delphine akasema kwa sauti ya maziwa, "umewahi kufika South Carolina?"

"Nina dada yangu Charleston. Hatujaonana tangu nimzike marehemu mume wangu. Nauli, unajua."

"Basi letu linaondoka sasa hivi. Kuna kiti kimoja, kilikuwa cha..." akamtupia Royce jicho, "hakina mtu. Ungemfahamu Seneta vizuri zaidi njiani."

"Letu lina kitanda!" Brice akadakia. "Na Gavana anayo mengi ya kusema kuhusu ile wodi."

"Sasa anayo?"

"Anayo, mama. Yanaandikwa sasa hivi."

"Basi yaandikwe vizuri. Na Seneta naye aandike yake, aweke sahihi. Nitasoma yote mawili." Hedda akafikiri kwa uzito, kama mzee wa kanisa kwenye kesi ya ndoa. "Nitakwenda na basi la Seneta, nitarudi na la Gavana. Haki lazima itendeke."

Wakuu wale wakashukuru kana kwamba wamesamehewa dhambi, wakatoka mbio kuandaa viti. Watu wakaanza kuvaa makoti. Nje theluji ilikuwa inaanguka upya, na Royce akaona jua la kusini linampungia mkono dirishani. Akajaribu la mwisho.

"Mama Roorda, hao ni watu wa maneno, watakuchanganya njiani. Unahitaji msaidizi. Nichukue mimi, hata nikae kwenye ngazi."

Hedda akakunja mshono wake.

"Unajua kushona?"

"Hapana, mama."

"Unajua kuomba?"

"Najifunza."

"Kunyamaza je, unajua?"

"Kunyamaza?" Uso wa Royce ukang'aa. "Mama, umegusa penyewe! Hakuna mtu majimbo haya yote anayenyamaza kama mimi. Nilinyamaza Memphis mwaka mzima, watu wakaja kunitazama. Nilinyamaza mbele ya hakimu, hakimu mwenyewe akasema, huyu bwana ni kaburi. Na kuna siri kwenye kunyamaza, siri tatu, ya kwanza..."

Alikuwa bado kwenye siri ya kwanza, mkono mmoja juu, wakati Hedda Roorda alipojifunga kitambaa kichwani, akachukua kifuko chake cha nyuzi, akatoka nje bila neno.