Hali ya Mkaazi wa Chumba 27

Jumatatu, 3 Machi

Ripoti imefika mezani kwa Mlezi wa bweni saa sita kasoro dakika mbili. Sijachelewa. Jasho mpaka kwenye soksi.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma takwimu, na ni msaidizi wa bweni, ghorofa ya tatu. Maana yake nalala chumba cha peke yangu, hakuna wa kunikoromea, na badala yake nawaangalia wenzangu wa vyumba thelathini na kimoja. Kila wiki nigonge kila mlango, nizungumze na kila mtu, niandike hali yake. Ndivyo kanuni inavyosema. Kanuni hiyo haikuandikwa na mtu wa takwimu. Mimi nagonga milango minne iliyo karibu na ngazi, iliyobaki nakadiria.

Wengine hata kuwakadiria ni kazi. Yule wa 27, kwa mfano. Nilimpa ufunguo siku ya kwanza ya muhula na sijamwona tena. Mwenzake wa chumba hakuripoti chuo, kwa hiyo yuko peke yake, hana mtu wa kumlalamikia. Leo nimemwandikia yale yale ninayomwandikia kila wiki: "Afya njema. Anasoma kwa bidii. Anapenda utani. Amenenepa kidogo." Hapo kwenye kunenepa hujipongeza kila mara. Kunaleta uhai.

Mlezi, mama ambaye akinyamaza bweni zima hunyamaza, ametangaza kwamba Ijumaa atamteua msaidizi mkuu. Msaidizi mkuu anapewa chumba cha pembeni, chenye sinki lake. Ni mimi au Bashasha wa ghorofa ya pili. Bashasha husalimia watu mpaka wanachelewa darasani. Anaandika ripoti kama mtu anayelipia kila neno. Nina nafasi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesifiwa mbele ya wasaidizi wote. Mlezi amesema ripoti zangu zinasomeka kama barua za shangazi. Akasoma moja kwa sauti. Ya 27! Bashasha akapiga makofi, tena kwa moyo, jambo lililonikera zaidi.

Kisha Mlezi akasema kijana huyo amemvutia, na Alhamisi saa nne atapanda kunywa naye chai.

Nilirudi mbio. Nikagonga 27. Kimya. Nikagonga tena, kwa ile sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Kimya. Nikalala kifudifudi koridoni, nikachungulia chini ya mlango. Nikaona vumbi, na juu ya vumbi matangazo yangu manne, yale ninayopenyeza kila wiki, yamelala pale pale nilipoyasukuma.

Jirani yake wa 26, jitu refu linalosomea uhandisi, likatokea likaniuliza natafuta nini. Nikasema mende. Likasema yule jamaa mbona aliondoka zamani, wiki ya pili ya muhula, alibeba hadi mto. Nikauliza alikwenda wapi. Likanitazama kutoka huko juu.

"Kwani msaidizi si wewe?"

Sijala chakula cha jioni.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Naiandika polepole.

Saa tano amekuja dada mmoja, amevaa sare ya nesi, viatu vimechoka kuliko yeye. Ni dada yake yule wa 27. Akauliza mdogo wake yuko wapi. Nikasema yuko darasani. Sikupanga kusema hivyo. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata haya.

Akakaa kwenye ngazi, akashukuru. Akaeleza kwamba simu ya mdogo wake imezimwa wiki tatu. Nyumbani walikuwa hawalali. Wiki mbili zilizopita wakampigia Mlezi, naye Mlezi akawasomea ripoti ya msaidizi. Waliposikia amenenepa, mama yao alilia kwa furaha, akasema basi mwacheni mtoto asome.

Kwa hiyo hawakumtafuta. Wiki mbili hawakumtafuta, kwa sababu ya kalamu yangu.

Akasema mama yao atafanyiwa upasuaji Ijumaa asubuhi. Tumbo. Ametaka amwone mwanawe kabla hajaingia. Kwa hiyo kesho saa nne dada atakuja kumchukua.

"Mwambie tu afungashe nguo za siku mbili, mdogo wangu," akaniambia. "Habari ya upasuaji nitamwambia mwenyewe."

Nikaitikia, ndiyo dada.

Mchana kutwa nimemtafuta. Maktaba, zahanati, uwanja wa mpira, foleni ya bwalo la chakula. Tatizo ni kwamba sikumbuki sura yake. Najua jambo moja tu kumhusu, kwamba amenenepa, na hilo nimelitunga mwenyewe. Nimewasimamisha wanene wanne. Mmoja alikuwa mhadhiri.

Ningeweza kwenda kwa Mlezi nikasema kweli. Nilifika mpaka mlangoni pake. Nikaona chumba cha pembeni kwa mbali, dirisha liko wazi, sinki linang'aa. Nikarudi.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilikuwa na mpango. Lazima niuandike, maana ulipokuwa kichwani ulipendeza. Nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: TAHADHARI. TETEKUWANGA. USIINGIE. Nikaibandika mlango wa 27. Hesabu yangu ilikuwa kwamba Mlezi ataogopa ugonjwa, atashuka na chai yake, na dada nitamngoja getini nimwombe siku moja ya ziada.

Walikuja pamoja. Walikutana getini, wakapandia ngazi za nyuma, wanapiga soga. Mlezi na chupa ya chai, dada na mkoba. Mimi nilikuwa ngazi za mbele, nashuka kwenda getini.

Nilipofika, dada alikuwa anasoma karatasi yangu. Hakuogopa. Nesi haogopi tetekuwanga. Alikunja uso tu.

"Aliugua akiwa na miaka sita," alisema. "Mimi ndiye niliyempaka dawa. Ugonjwa huu kwa kawaida haurudi."

Mlezi akatoa ufunguo wake unaofungua vyumba vyote.

Vitanda viwili, magodoro matupu. Vumbi. Matangazo yangu manne sakafuni. Dada akaingia, akapekua kabati, akaangalia hadi nyuma ya pazia, kana kwamba mtu mzima anaweza kukaa huko. Kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Sijui, dada," nikasema. "Sijawahi kujua. Yote niliyoandika nilitunga."

Ni ajabu. Sentensi hiyo nilikuwa naikimbia siku tatu, na ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Lakini uso wa yule dada sitausahau. Akakaa juu ya godoro lenye vumbi na sare yake nyeupe, akaanza kuhesabu kwa vidole wiki ambazo hakuna aliyemwona mdogo wake.

Kelele zilimleta Bashasha. Akasikiliza kidogo, akauliza kama tunamtafuta yule kijana mpole mwenye kovu kwenye nyusi. Maana huyo yuko chini kwake, chumba cha 9, tangu wiki ya pili. Kulikuwa na kitanda kitupu. Na yeye Bashasha aliandika kwenye ripoti. Mlezi akaagiza ripoti iletwe. Ilikuwepo kweli, mstari mmoja: "Chumba 9 sasa wako wawili." Mlezi aliisoma mara mbili. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza kusoma ripoti ya Bashasha mpaka mwisho, nayo ina maneno matano.

Kijana akaletwa kutoka darasani. Si mnene. Ni mwembamba kama fimbo ya pazia. Dada akamkumbatia, akampiga kofi la bega, akamkumbatia tena. Simu, kijana akaeleza, ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na namba zote zilikuwa humo. Alitarajia kwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Mlezi akamuuliza kwa nini alihama bila kumwambia msaidizi wake. Akajibu kwa adabu, bila kunitazama.

"Siku kumi na moja hakuna aliyenibishia hodi, mama. Ya kumi na mbili nilishuka chumba cha 9 kuazima sindano, kifungo kilikuwa kimekatika. Wakaniambia kaa kwanza unywe chai."

Wakafungasha nguo za siku mbili. Dada alipofika kwangu alisimama. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Mimi nikijaza chati ya mgonjwa nisiyemwona," alisema, "mtu anakufa."

Akashuka.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amempigia Mlezi. Upasuaji umekwenda salama. Mama na mwanawe walikaa pamoja nusu saa kabla. Mama alilalamika kwamba mtoto amekonda.

Nilikwenda nyuma ya jengo, kwenye kamba za nguo, nikasimama kati ya mashuka ya watu mpaka macho yakakauka.

Chumba cha pembeni amepewa Bashasha. Alikuja kuniambia mwenyewe, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema sinki nitumie wakati wowote. Sijui mtu wa namna hiyo unamchukiaje.

Mimi sikufukuzwa, kwa kuwa mitihani iko karibu na hakuna wa kunirithi. Mlezi amenipa daftari jipya. Wiki mbili, kila siku, kila mlango, na kila mkaazi aweke sahihi yake kwamba ameniona kwa macho. Watu sitini. Ikikosekana hata moja, narudi chumba cha wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebisha hodi milango yote thelathini yenye watu. Sahihi sitini!

Wa 18 ana meno yanayouma tangu wiki iliyopita, alikuwa akiogopa kwenda zahanati peke yake. Nimemsindikiza. Wa 5 amefeli jaribio la pili na hajamwambia mtu. Tumekaa. Wa 30 alifungua mlango akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema hakuna, nimekuja kukujulia hali. Akacheka, akaniwekea kiti.

Hii ndiyo kazi yenyewe, kumbe. Mimi ni mtu mwingine. Naandika hapa ili isije ikasahaulika: kamwe sitaandika tena nisichokiona.

Jumatano, 12 Machi

Miguu imevimba. Sauti imekauka kwa hodi. Wa 30 sasa akisikia hatua zangu anazima taa.

Nina sahihi hamsini na tisa. Iliyobaki ni ya mmoja wa chumba cha 12, ambaye haonekani tangu asubuhi. Mwenzake anasema yuko maabara, labda. Maabara ni mbali, na juu ya kilima. Daftari linatakiwa saa kumi na moja, na sasa ni kumi na nusu.

Bila shaka ni mzima. Jana alikuwa mzima kabisa. Na sahihi yake, nikiitazama vizuri, ni mstari tu wenye mkia. Nimeijaribu mara tatu kwenye karatasi ya pembeni. Ya tatu imetoka nzuri kuliko yake.