Mwakilishi wa Meya

Swalik hakwenda kwenye mazishi yale kwa ajili ya marehemu. Alikwenda kwa ajili ya moshi. Alikuwa amesimama kando ya barabara itokayo Kasese kwenda Bwera, tumbo likimsuta tangu alfajiri, akauona moshi mzito ukipanda nyuma ya migomba. Kwa uzoefu wake, moshi wa namna ile ulikuwa na masufuria yasiyopungua matatu. Akachomekea shati, akavaa uso wa majonzi, akaufuata.

Hapo ni katika mji mdogo ambao si Kasese wala si Bwera, bali uko katikati. Wenyewe wanasema ni mji mkubwa, na ili jambo hilo lisibishaniwe, wana meya. Swalik hakuwa mtu wa mji huo, wala wa mji wowote kwa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa udalali, yaani kuuza vitu ambavyo wenyewe hawakuwa na habari kwamba vinauzwa. Aliwahi kumuuzia mfanyabiashara mmoja wa Katunguru haki ya kuvua samaki katika josho la ng'ombe. Aliongea vizuri mno, hata aliowatapeli walimkumbuka kwa hamu kidogo.

Chini ya hema, mstari wa mbele, kulikuwa na kiti kimoja kilichovikwa kitambaa cheupe. Mbele ya kiti kulikuwa na meza ndogo, chupa ya maji, na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Hakuna aliyekikalia.

"Mheshimiwa Meya bado yuko njiani," alisema mwendesha shughuli kwenye kipaza sauti. "Yuko njiani tangu saa tatu. Sasa ni saa nane. Kama kuna anayemwakilisha, tunaomba asimame."

Desturi ya huko iko hivyo: mkubwa husema mwisho, na mpaka aseme, jeneza haliteremki. Lakini mkubwa akituma mtu, mtu huyo ndiye mkubwa. Hupewa kiti, hupewa maji, na hakuna anayemwuliza karatasi, maana kumwuliza mwakilishi karatasi mbele ya maiti ni utovu wa adabu.

Swalik aliitazama ile sahani iliyofunikwa. Akasimama.

Alisema kwa dakika kumi kuhusu mtu ambaye jina lake alilisoma kwenye msalaba huku akiongea. Watu walilia. Yeye mwenyewe alitokwa na chozi moja, ingawa hilo lilitokana na moshi. Marehemu akateremshwa, na Swalik akafunua sahani. Lilikuwa paja la kuku, zima, na bundu, ugali wa muhogo, laini kama shavu la mtoto.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na ajira. Kila Jumatatu asubuhi, ratiba ya meya ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mji, imepigwa chapa vizuri na katibu wake, mwanamke mmoja aitwaye Gorret. Shughuli zilikuwa kumi na tisa kwa wiki, na meya alikuwa mmoja. Siku nyingine alitakiwa awe mahali patatu saa ileile. Swalik alinakili zile zilizoelekea kuwa na moshi, akaziacha nyingine kwa mwenyewe. Alifungua kikundi cha akina mama wafuga nyuki akarudi na asali. Alikabidhi mpira kwa timu ya vijana akarudi na jogoo. Alipanda mti wa kumbukumbu katika shimo ambalo mameya watatu walikuwa wamepanda miti kabla yake, maana mbuzi wa pale walikuwa na subira.

Wiki ya sita alijiona yuko tayari kwenda Bwera kwa Hajati Jamidah.

Hajati aliuza vitenge karibu na mpaka, na binti yake Nasifah alimsaidia dukani. Nasifah ndiye mtu pekee duniani ambaye Swalik hakuwahi kufanikiwa kumuuzia kitu, na kwa sababu hiyo alitaka kumuoa.

"Swalik," alisema Hajati bila kumkaribisha kiti, "mimi nilikuambia nini mwaka jana?"

"Ulisema nirudi nikiwa mtu, Hajati."

"Na leo umerudi ukiwa nani?"

"Mwakilishi wa Meya."

Hajati alikunja kitenge polepole. "Ile nimesikia. Dada yangu alikuona kwa mazishi, uko unakula kuku kwa kiti ya mbele."

"Nilikuwa kazini, mama."

"Basi sawa. Nikaha ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lakini Meya nitamuona hapa, kwa kiti, na macho yangu. Si mutu wake. Yeye. Asipokuja hakuna nikaha, na Nasifah nitampa yule mwenye lori."

"Mwenye lori ana wake wawili, mama," alisema Nasifah, akiendelea kuhesabu vitenge.

"Na lori tatu," alijibu Hajati.

Nasifah alimsindikiza Swalik hadi mlangoni. "Wewe unamjua huyo meya kweli?"

"Tuko karibu sana."

"Karibu kama nani na nani?"

"Kama kiti na mtu."

"Swalik," alisema Nasifah, "mimi sitaki lori. Usinifanye nipande lori."

Basi Swalik, ambaye kwa wiki sita alikuwa meya, alilazimika kwenda kumtafuta meya.

Gorret alimtazama juu ya miwani kabla hajafungua mdomo. "Wewe ndiye meya wa Jumanne," alisema. "Ingia. Meya wa siku nyingine anakungoja."

Alhaji Huzaifa alikuwa mtu mnene aliyechoka. Chini ya meza, miguu yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Juu ya meza kulikuwa na faili nene.

"Hizi ni barua za shukrani," alisema. "Hapa naambiwa nilisema maneno mazito kwenye mazishi, mpaka nikalia. Siku hiyo mimi nilikuwa Hamukungu kwa mwaliko, nasikiliza wavuvi wakinieleza habari za viboko. Saa nne nzima, za viboko. Hapa nimecheza ngoma na akina mama wa nyuki. Mimi, na goti hili."

Swalik alipiga magoti. "Mheshimiwa, nipeleke polisi. Lakini kwanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi njoo Bwera, ukae kwenye kiti. Ukae tu. Usipokuja, mchumba wangu anaolewa na lori."

"Polisi?" Meya alimshangaa. "Nikupeleke polisi, halafu Alhamisi nani ataenda kwenye choo?"

"Choo gani?"

"Choo cha shule. Kinafunguliwa Alhamisi." Meya akaegemea kiti, maji yakachachatika. "Nitakuja Bwera. Neno langu ni hilo. Na wewe, mpaka siku hiyo, utaifanya ratiba yangu yote. Si kuchagua. Hata pasipo na moshi."

Akamkabidhi joho jekundu la umeya, zito kama godoro lililonyeshewa mvua. Swalik alitoka pale akijiona amemtia meya mfukoni. Alikwenda hatua ishirini nzima akicheka peke yake. Kisha Gorret akamwita arudi achukue jembe, kwa kuwa siku hiyo mwakilishi wa meya alikuwa anaanzisha usafi wa mfereji.

Wiki tatu zilizofuata, Swalik alifungua choo, na kwa heshima akawa wa kwanza kukitumia, umati ukingoja nje kwa makofi. Alisuluhisha ugomvi wa wauza nyanya na wauza mkaa, akarudi na nyanya usoni na mkaa mgongoni. Alishika mbwa thelathini na wanane wakichanjwa. Meya alionekana mara mbili barazani kwake alasiri, amelala, gazeti limemfunika uso. Watu walisema amenawiri.

Ijumaa ya mwisho, saa kumi, Gorret alipiga simu.

"Kesho una moja tu. Saa mbili asubuhi, mlimani juu ya Bwera. Mazishi ya mzee Syahuka."

"Gorret, dada yangu, kesho ni nikaha yangu."

"Ni saa saba. Utasema, utashuka. Kama huwezi, Mheshimiwa itabidi aende mwenyewe mlimani, na huko Bwera atakosekana. Chagua wewe."

Swalik alichagua mlima. Alifika saa moja na nusu kwa bodaboda, joho likipepea, akavuka mto mmoja wenye daraja la miti, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Hapo akakumbuka ile desturi iliyomlisha miezi miwili. Kabla yake kulikuwa na wasemaji kumi na watatu.

"Naomba niseme kwanza," alimnong'oneza mwendesha shughuli.

"Meya hasemi kwanza, ssebo, bwana wangu. Meya akisema, imekwisha."

Akasema katekista. Wakasema wakulima wa kahawa, wa bondeni na wa mlimani, kila upande na historia yake. Kwaya ikaimba, ikakosea, ikaanza upya. Saa sita ilipogonga, msemaji wa saba alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo. Kule chini, Swalik aliiona Bwera yote, mahema meupe ya Hajati, na moshi. Kwa uzoefu wake, masufuria sita.

Akainuka taratibu, akakunja joho kiunoni. Bodaboda ilikuwa hatua kumi tu. Lakini mjane, bibi Kabugho, alikuwa kiti cha pili, akalishika pindo.

"Baba, unakwenda?"

"Nakwenda kujisaidia kidogo, mama."

"Nenda, urudi. Lile daraja ulilopita asubuhi ni la mzee wangu. Mvua ikiliondoa, yeye analirudisha, peke yake. Miaka kumi na miwili alikuwa anasema, iko siku mtu wa serikali atakuja aone. Hivi leo umekuja." Akaliachia pindo. "Nenda tu. Choo ni kule."

Swalik alisimama muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kuamua kujisaidia. Katika maisha yake alikuwa amekimbia kutoka sehemu nyingi nzuri. Hii haikuwa nzuri hata kidogo, nyama zilikuwa kule chini na Nasifah alikuwa kule chini. Akarudi, akakaa.

Saa tisa kasoro alipewa kipaza sauti, na simu ikalia mfukoni. Alikuwa sheikh wa kufungisha nikaha.

"Bwana harusi, uko wapi? Mwenye binti amechoka kungoja. Mwenye lori yuko hapa, amekaa mstari wa tatu. Tumeuliza kama kuna anayekuwakilisha, na Mheshimiwa Meya amesimama. Unamkubali awe wakili wako wa kukupokelea nikaha?"

Swalik alisahau alichoshika mkono wa pili.

"Ninamkubali," alisema, na mlima mzima ukasikia kupitia spika mbili. "Aniwakilishe. Mwambieni Nasifah ninampenda na ninakuja."

Katekista, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amesikia mengi kwenye makaburi, alisema, "Amina." Na wote wakaitikia amina, kwa kuwa ilionekana ndiyo njia.

Swalik akazima simu. Hotuba yake ya kila siku, ile ya mtu wa watu na nguzo ya jamii, ilikataa kutoka.

"Leo asubuhi nilivuka daraja la mzee huyu," alisema. "Nilikuwa na haraka, sikulitazama. Halikutikisika. Sina la zaidi."

Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote, na ya kwanza ambayo hakuna aliyeweza kumshitaki kwayo. Bibi Kabugho aliitikia kwa kichwa. Mzee Syahuka akateremshwa.

Bodaboda iligoma njiani, kwa hiyo Swalik aliingia Bwera saa kumi na moja, kwa miguu, joho limejaa tope hadi magotini. Masufuria yalikuwa yamepinduliwa yanakauka. Mwenye lori alikuwa ameondoka. Mstari wa mbele kulikuwa na kiti chenye kitambaa cheupe, meza ndogo, chupa ya maji, na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Swalik akafunua. Ilikuwa mifupa.

"Meya alikaa," alisema Hajati Jamidah, uso ukimwaka kwa furaha. "Nimemuona na macho yangu, na majirani wote wameona. Amekula sahani mbili."

"Na ya kwangu, mama?"

"Si alikuwa anakuwakilisha?"

"Na yule mbuzi anayepewa bwana harusi?"

"Amempokea kwa niaba yako. Gorret amemfunga nyuma ya gari. Mkwe, umepata bosi mwenye adabu sana." Akamkabidhi karatasi. "Ameacha hii."

Ilikuwa ratiba ya wiki ijayo, imepigwa chapa vizuri. Shughuli kumi na tisa. Pembeni ya kila moja, katika safu ya mhusika, Gorret alikuwa ameandika jina moja tu, na halikuwa la meya.

Nasifah alitokea nyuma ya pazia, hina mikononi, akaisoma karatasi begani kwake. "Jumatatu saa mbili. Choo kingine."

"Wamesema kama kuna moshi?"

"Hakuna moshi."

Swalik akajitupa kwenye kiti cha plastiki, kimoja cha nyuma kabisa. Kitu kilimbonyeza ubavuni. Akatoa kwenye mfuko wa joho furushi la jani la mgomba alilotiwa na bibi Kabugho wakati wa kuagana: bundu lililopoa, na maharage.

Nasifah akaenda mbele, akakileta kile kiti chenye kitambaa cheupe, akakiweka karibu yake, akakikalia.

"Wewe unakaa hapo kama nani?" aliuliza Swalik.

"Namwakilisha bibi harusi," alisema Nasifah, akamega bundu, akachukua nusu iliyo kubwa.