Jinsi Khoát Alivyokiteka Kilima cha Mchanga cha Mũi Né

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayepepeta mchele auweke ungo chini, kwani nasimulia asubuhi ambayo Khoát wa Phan Thiết, simba wa kamera, alipanda milima ya mchanga ya Mũi Né kuutafutia picha ukuta wa mama mkwe wake.

Ukuta huo ulikuwa Saigon, ghorofani, nao ulitawaliwa na picha ya milima yenye theluji, zawadi ya mkwe mwingine. Bi Lựu, mzaliwa wa nyuma ya mchanga ule, ambaye sasa magoti yalimkatalia hata ngazi, aliitazama theluji hiyo kila mlo akajifunika mtandio. "Kwetu hakukuwa na baridi kama hii," alisema, na neno lile likamchoma Khoát kama mkuki wenye sumu.

Basi jua lilipochomoza shujaa aliisimika kamera juu ya miguu yake mitatu. Mbele yake kilima kilijikunja kama upanga, hakina unyayo, ubavu mmoja dhahabu, wa pili kivuli, na bahari ikichungulia nyuma. Akabana pumzi. Ndipo ukingoni likazuka jeshi la adui: bibi harusi mwenye gauni refu, bwana wake, na mpiga picha wao.

"Simama!" alinguruma Khoát, akautimkia mteremko mikono juu, hata akamfikia bibi harusi. "Ewe binti wa watu, usiikanyage sura hii tukufu, isiyoguswa tangu upepo wa usiku ulipoilaza!"

Bibi harusi akachungulia nyuma yake. "Isiyoguswa? Na zile za nani, kaka?"

Khoát akageuka. Nyayo zake mwenyewe zilikuwa zimeupasua mteremko kutoka chini hadi juu.

"Nyati kapita," bibi harusi akasema, akacheka mpaka taji likamwinamia.

Shujaa hakulia, ingawa wapo wanaobisha. "Picha ni ya mama mkwe wangu, dada. Hawezi tena kuja."

Kicheko kikakatika. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo! Upepo utazifuta. Sisi tutapigia upande huu. Wewe njoo unishikie mkia wa gauni."

Hivyo simba wa kamera akawa mtumwa wa hariri, mchanga ukimjaa masikioni na menoni, huku upepo ukiziba nyayo zake punje kwa punje. Kisha akazunguka kwa chini, kwa adabu, akabonyeza. Papo hapo magari ya watalii yakanguruma, yakakilima kilima kama shamba.

Picha ilipofika Saigon, pana kama mlango, Bi Lựu aliipapasa kwa kiganja hata chai ikapoa. "Nyuma ya mgongo huu," akasema, "ndipo tulipoanika samaki."

Khoát akainua nyundo.

"Ishushe kidogo."

"Mama, picha hutundikwa juu."

"Juu nitamwonyesha nani? Mimi nakaa kitini. Shusha!"

Akashusha. Na iandikwe, vizazi vijue: siku hiyo ufalme wa theluji ulianguka, ukasukumwa nyuma ya kabati, na Khoát akaongezewa bakuli la pili la tambi bila kuomba.